Printa ya Vikombe Nyumbani: Soma Stetimenti ya Till Yako Kabla ya Kusoma Bei

Kikombe chenye picha ya mtu hakikosi mnunuzi. Siku ya Akina Mama mwezi wa tano, mahafali, harusi, ruracio, bosi anayestaafu, mwalimu anayehamishwa: kila mara kuna mtu anayetafuta zawadi ndogo yenye jina, isiyozidi elfu moja. Na ni kazi unayoweza kuifanyia mezani nyumbani, hata kama nyumba ni bedsita. Ndiyo maana wafanyabiashara wanaotumia till hutuletea swali hili moja: "Nimeweka pesa kidogo kando, ninunue printa gani?"

Tutalijibu, na tutataja mashine kwa majina. Ila kuna swali la kuulizwa kabla ya hilo, na jibu lake haliko dukani, liko kwenye simu yako: oda zako zinaingia mara ngapi kwa wiki? Printa ya aina hii ni kama ng'ombe wa maziwa. Uwe na mnunuzi au usiwe naye, lazima akamuliwe, la sivyo anaugua kiwele. Mtu anayepata oda 40 wiki moja kisha anakaa mwezi mzima bila hata moja hahitaji mashine ile ile anayohitaji mtu wa oda nane kila wiki, hata kama mwisho wa mwaka wote wawili wameuza vikombe sawa.

Tuelewane kwanza kuhusu jina

Sablimesheni ni kitu kugeuka kutoka hali ya ugumu hadi kuwa gesi bila kupitia hali ya umajimaji. Wino wake una chembe za rangi zinazofanya hivyo zikipata joto la kama nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Unachapa picha ikiwa imegeuzwa, kama unavyoiona kwenye kioo, juu ya karatasi maalumu. Unaifunga karatasi hiyo kwenye kikombe kwa tepu inayostahimili joto, unakiingiza kwenye presi ya vikombe, na baada ya dakika mbili hadi nne rangi inakuwa gesi na kuzama ndani ya tabaka la plastiki lililopakwa kwenye kikombe. Kikipoa, rangi imefungiwa humo. Ndiyo sababu haibanduki kama stika.

Hapo kuna mambo mawili ya kuondoa njiani upesi. Kikombe cheupe cha kawaida kutoka supermaketi hakina lile tabaka, kwa hiyo rangi haishiki; nunua vile vinavyouzwa kama vya sablimesheni. Na wino huu hauna rangi nyeupe, tena unapenya mwanga, kwa hiyo hauwezi kuchapa picha ya kawaida juu ya kikombe cheusi. Mteja akitaka cheusi chenye maandishi meupe, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Sasa angalia kitu muhimu katika maelezo hayo: joto liko kwenye presi, si kwenye printa. Printa kazi yake ni kutia wino kwenye karatasi, basi. Ukiandika jina la sablimesheni kwenye duka la mtandaoni, unaweza kuletewa vile vimashine vidogo vya picha kama Canon SELPHY. Navyo ni vya sablimesheni kweli, lakini rangi yao iko kwenye utepe, joto liko ndani ya mashine yenyewe, na vinatoa picha kwenye karatasi yao ya picha tu. Vizuri kwa picha za albamu. Kwa kikombe havisaidii. Mtu anayeona neno ni lile lile na bei ni ya chini anaweza kutuma pesa siku hiyo hiyo, kisha akajiuliza mbona hakuna mahali pa kutia wino.

Mashine zenyewe

Printa za leza ziache. Zinatumia unga, si wino wa maji. Za wino nazo ziko za aina mbili kubwa. Canon na HP za nyumbani hurusha wino kwa kuuchemsha kidogo ndani ya kichwa cha printa. Wino wa sablimesheni hautaki joto hapo, unaganda na kuziba matundu. Epson zinasukuma wino kwa kipande kidogo kinachojikunja kikipewa umeme, bila joto. Kwa sababu hiyo kila fundi wa vikombe utakayemuuliza mjini atakuambia "tafuta Epson". Hajalipwa kuitangaza, wala sisi hatujalipwa. Ni jinsi kichwa chake kinavyofanya kazi.

Ukiwa upande huo, njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua printa iliyotoka kiwandani ikiwa ya sablimesheni: Epson wanayo SureColor F100, ambayo Marekani inauzwa kama F170, na kampuni ya Sawgrass wana SG500. Zinakuja na wino wake na mpangilio wake wa rangi, na waranti inabaki hai. Bei ya mashine iko juu, wino wake ni wa kampuni, na kabla hujalipa uliza wino huo unapatikana wapi nchini na kwa siku ngapi. Oda ya Krismasi haingoji kontena.

Njia ya pili, ndiyo inayotumiwa zaidi mtaani, ni kuchukua printa mpya ya kawaida yenye matangi, kama Epson L3250, na kuijaza wino wa sablimesheni tangu siku ya kwanza badala ya ule uliokuja kwenye boksi. L3250 ina rangi nne na Wi-Fi. L3210 ni karibu sawa ila inataka waya. L805 na mrithi wake L8050 zina rangi sita. Kampuni haikuzitengeneza kwa wino huu, kwa hiyo ukiutia, jihesabu huna waranti. Hiyo ndiyo bei halisi ya unafuu wake, na muuzaji hatakutajia.

Neno "mpya" tumelisema makusudi. Printa iliyokwisha kunywa wino wa kawaida ina wino huo kwenye mipira yote hadi kichwani. Ukiongeza wa sablimesheni juu yake unapata mchanganyiko unaotoa rangi za ajabu, na kuusafisha wote nje ni kazi ya fundi na wino mwingi wa kumwaga. Ikishageuzwa pia, usiifikirie tena kwa kuchapa barua na kazi za shule za watoto. Imeolewa.

Vipi kuhusu ukubwa? Utaambiwa uchukue ya A3 "ili biashara ikikua usinunue tena". Kwa vikombe, hapana. Kikombe cha kawaida cha aunsi 11 kinachukua picha ya upana wa kama sentimita 20 na kimo cha kama sentimita 9. Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Picha tatu zinaingia kwenye karatasi moja na nafasi inabaki. Ukifika siku ya kuchapa fulana za timu nzima utanunua ya A3 kwa faida ya vikombe. Leo itakulia pesa na nafasi mezani.

Mdundo wa oda

Turudi kwa yule ng'ombe. Chembe za rangi kwenye wino huu zinaelea tu, hazijayeyuka. Mashine ikikaa kimya, zinatuama chini ya tangi, na wino uliobaki kwenye matundu unakauka. Dawa ni kuchapa ukurasa mdogo wenye rangi zote kila baada ya siku tatu au nne, na usipitishe wiki. Ukipitisha, utaanza kuiamuru ijisafishe, na kila usafi unavuta wino safi na kuumwaga kwenye sponji iliyo ndani ya mashine. Sponji hiyo nayo ina kikomo. Ikijaa, printa inakataa kuchapa mpaka ibadilishwe.

Hali ya hewa ina neno lake pia. Lodwar au Garissa, hewa kavu inakausha matundu upesi. Mombasa na Lamu shida inahamia kwenye karatasi: inafyonza unyevu, na kwenye presi picha inatoka na ukungu pembeni. Huko karatasi ikae kwenye mfuko uliofungwa mpaka saa ya kuitumia. Popote ulipo, zima printa kwa kitufe chake chenyewe, si kwa soketi. Kwa kitufe, kichwa kinarudi mahali pake na kufunikwa. Ukikata kwenye soketi kinaweza kubaki wazi usiku kucha. Stima ikipotea katikati ya kazi, ikirudi tu iwashe, iache itulie, kisha uizime vizuri.

Kwa hiyo, kabla hujauliza bei ya printa, fungua taarifa ya miamala ya till yako, ile stetimenti, ya wiki nane zilizopita. Usiangalie jumla. Jumla inadanganya. Hesabu ni wiki ngapi kati ya nane zilikuwa na angalau oda mbili za vikombe. Zikiwa sita au zaidi, printa yako haitakosa kazi. Zikiwa mbili tatu, na pesa nyingi imeingia siku nne tu kabla ya Siku ya Akina Mama, una biashara nzuri ya msimu, lakini huna kazi ya kutosha ya kuiweka printa hai.

"Lakini sijaanza, nitakuwaje na stetimenti?" Anza bila printa. Hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote. Mijini kuna maduka ya uchapishaji yanayokuchapia karatasi ya sablimesheni, ukalipia kwa ukurasa. Unatuma muundo kwa WhatsApp, unalipia, unachukua karatasi zako. Ukiwa na presi ya vikombe tu nyumbani, unapasha mwenyewe. Ukiwa huna hata presi, wanakupashia pia. Faida yako kwa kila kikombe inapungua, sawa, lakini baada ya wiki nane una rekodi ya kweli ya nani ananunua, lini, na vikombe vingapi kwa mpigo. Rekodi hiyo ina thamani kuliko ushauri wa muuzaji yeyote, wa kwetu ukiwemo.

Ila rekodi itakuwa na maana ikiwa biashara ina till yake. Pesa za vikombe zikiingia kwenye laini ile ile unayonunulia tokeni na kupokea mchango wa chama, hutaweza kuzitenganisha miezi miwili baadaye, hata ukijitahidi vipi.

Hesabu ambayo hufanywa nusu

Namba zifuatazo ni za mfano tu. Weka za kwako kulingana na bei za mji wako.

Tuseme ukurasa mmoja wa A4 kwa mchapishaji ni shilingi 120. Tuseme ukijichapia, karatasi na wino, pamoja na zile kurasa za kuiweka mashine hai, ni shilingi 15 kwa kikombe. Na tuseme printa, seti ya wino wa sablimesheni, rimu ya karatasi na soketi ya kuzuia umeme wa ghafla vimefika shilingi 32,000.

Mteja akiagiza vikombe vitatu, vinatoshea ukurasa mmoja. Kwa mchapishaji umelipa shilingi 40 kwa kikombe. Kujichapia kunakuokolea 25 tu. Gawanya 32,000 kwa 25: vikombe 1,280 kabla printa haijajilipa. Hapo wengi hunyamaza.

Sasa badilisha kitu kimoja. Mteja ameagiza kikombe kimoja, anakitaka leo, na huna wa kujaza nafasi mbili zilizobaki. Umelipa 120 yote kwa kikombe hicho. Kujichapia kunakuokolea 105. Gawanya tena: vikombe 305. Ukiuza kumi kwa wiki za namna hiyo, ni kama miezi saba.

Mashine ni ile ile na bei ni ile ile, lakini tofauti ni kubwa hivyo. Tunaona watu wakinunua printa kwa sababu wamepata oda kubwa ya kampuni, vikombe 60 vyenye nembo moja. Oda kubwa ndiyo inayohitaji printa kidogo zaidi, maana kurasa zinajaa zote na safari ya mjini ni moja. Printa inakufaa ukiwa na wateja wa kikombe kimoja kimoja, wanaokukumbuka saa tano asubuhi kwamba birthday ni jioni. Ongeza na nauli: kama kila oda ya kikombe kimoja inakutoa nyumbani hadi mjini na kurudi, printa inajilipa mapema kuliko tulivyosema. Ukiwa unakaa Kitengela na mchapishaji yuko katikati ya Nairobi, nauli peke yake inaweza kuamua jambo hili.

Umeme wa presi usikuogopeshe. Presi nyingi za kikombe ni wati 300 hadi 400, kwa dakika nne. Kwa kupasha peke yake, vikombe 30 hivi havifikishi uniti moja ya tokeni.

Na mkopo? Hesabu ya hapo juu imekupa miezi saba kwa mtu mwenye wateja wazuri. Mkopo wa simu wa siku 30 hauwezi kununua kitu kinachojilipa kwa miezi saba. Utaulipa kutoka kwenye pesa ya kununulia vikombe vitupu, stoki itaisha, na mashine itakaa kimya ikikauka huku deni likikua. Tunajua ni ajabu kidogo kusoma hili kwenye blogu ya kampuni ya malipo, lakini ndivyo ilivyo. Mkopo mfupi unafaa kununulia vikombe vya oda iliyokwisha kulipiwa arbuni. Printa inunue kwa akiba, kwa zamu yako ya chama, au kwa mkopo wa sacco unaolipwa polepole.

Rangi ya uso wa mama

Nne au sita? Rangi mbili za ziada kwenye printa za rangi sita ni samawati hafifu na majenta hafifu. Zinasaidia kwenye sehemu laini za picha, kama shavu au anga. Lakini ni matangi mawili zaidi ya kulisha na seti mbili zaidi za matundu ya kuziba. Kwa mtu anayeanza vikombe nyumbani tungechagua nne, na pesa iliyobaki tuitumie kwa wino mzuri.

Kwa sababu kosa kubwa la rangi halitoki kwenye idadi ya matangi. Linatoka kwenye profaili ya rangi, yaani faili dogo linaloiambia kompyuta wino huu hasa unatoa rangi gani ukishapashwa. Bila faili hilo, ngozi za kahawia ndizo za kwanza kuharibika: uso unaweza kutoka wa kijani kibichi kidogo kama mtu mgonjwa, au mwekundu kama matofali. Nembo ya kampuni yenye buluu na manjano inaweza kupita bila mtu kugundua. Uso wa mama yake mteja hauwezi. Atakiangalia kikombe kwa sekunde mbili na kusema, "Huyu si mamangu."

Kwa hiyo muuzaji wa wino akikupa chupa bila kukupa profaili yake, mwombe. Akikosa kujua unaongelea nini, nenda duka jingine. Na akikuonyesha sampuli ya ua la waridi au kasuku wa rangi saba, mwambie akuchapie na kukupashia picha ya mtu, tena mtu mweusi kama sisi, aliyepigwa kivulini. Beba yako kwenye simu. Usiihukumu ikiwa bado kwenye karatasi; kabla ya joto, rangi za sablimesheni huonekana zimefifia kama nguo iliyofuliwa sana, na ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Hukumu kikombe kikishapoa.

Jambo dogo linalofuatana na hili: kuchapa moja kwa moja kutoka kwa simu ni raha, lakini mara nyingi hukupi nafasi ya kutumia profaili. Utahitaji kompyuta. Kama huna, iweke kwenye zile 32,000 za mfano wetu uone hesabu inavyobadilika.

Siku ya kulipa

Printa mpya mwambie muuzaji asiifungue "kuijaribu" kwa wino wa kwenye boksi. Akishaijaza, mipira imekunywa. Kama unataka ijaribiwe mbele yako, na tunashauri hivyo, nunua wino wa sablimesheni kwanza, ujazwe huo, kisha mwombe achape ukurasa wa kupima matundu. Mistari iwe kamili, rangi zote nne, bila pengo hata moja. Printa iliyokwisha geuzwa na mtu mwingine inaweza kuwa nafuu nzuri, lakini bila ukurasa huo uliochapwa ukitazama, usitoe hata shilingi. Uliza pia ilikaa muda gani bila kazi. Akisema "imetumika mara mbili tu", hiyo si sifa.

Uwe Luthuli Avenue au kwenye duka la mji wako, lipa kwa till ya duka. Kabla ya malipo kukamilika, jina la anayelipwa linatokea kwenye simu. Lisome. Kama duka linaitwa hivi na jina lililotokea ni la mtu usiyemjua, au ukaambiwa "tuma kwa hii namba yangu, till ina shida leo", simama hapo hapo. Tangazo la mtandaoni lenye bei ya kushangaza na linalotaka utume pesa ndipo printa ipakiwe kwenye basi, liache lipite. Mashine ya bei hii inalipwa ukiwa umeiona. Weka risiti na ujumbe wa malipo pamoja, uandike na namba ya mashine iliyo mgongoni. Waranti ya wino umeipoteza, ndiyo, lakini mashine ikifika na hitilafu kabla hujaitia kitu, hizo ndizo ushahidi wako.

Kwa upande wa wateja wako, chukua arbuni ya angalau nusu kabla ya kuchapa, hata kwa jirani. Mkate usionunuliwa na huyu atanunua yule. Kikombe chenye uso wa Njeri na tarehe ya harusi yake hakina mnunuzi wa pili. Na uthibitishe malipo kwenye simu yako, kwenye salio la till, si kwenye picha ya skrini anayokutumia. Picha ya skrini inatengenezwa kwa dakika mbili na mtoto wa shule. Mwulize pia picha imetoka wapi. Nembo ya klabu au katuni ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 haijali kwamba umechapa kimoja tu.

Ukifika nyumbani na printa yako, iweke mbali na dirisha la vumbi, tikisa chupa za wino taratibu kabla ya kumimina, na fungua dirisha jingine karibu na presi kwa sababu ya moshi na harufu. Chapa ukurasa wa kupima matundu jioni. Izime kwa kitufe chake, lala. Asubuhi, kabla ya kuchapa kitu kingine chochote, chapa ukurasa huo tena na uuweke kando ya ule wa jana. Mistari ikilingana, tangaza kwenye status. Ikiwa kuna pengo ambalo jana halikuwapo, mpigie muuzaji saa hiyo hiyo, kabla hujapokea arbuni ya mtu.